Pua ya mama na chupa ya chumvi

Kama umekulia Dar na hujawahi kula nyanya masalo basi hongera zako, kwenu hela ilikuwepo. Kwa asiyejua, masalo ni zile zinazobaki chini ya tenga baada ya nzima kuchaguliwa, zimepasuka, zimebonyea, nyingine zishaanza kutoa maji, wanazikusanya kwenye ndoo na kuziuza bei ya kutupa kwa yeyote ambaye haogopi. Mama yangu alikuwa haogopi.

Mama alikuwa na genge Tandale, meza moja ya mbao na mwavuli uliochoka. Saa kumi alfajiri anatoka kwenda sokoni Mabibo, jua likichomoza karudi, nyuma yake kijana wa mkokoteni na tenga la nyanya, viazi kidogo, nazi, vitunguu, na ile ndoo. Zile za kwenye tenga zilikuwa za biashara, zinapangwa mafungu mezani, nne nne, ile nzuri kuliko zote inawekwa juu. Ndoo ilikuwa ya kwetu, na ya mama lishe wa jirani ambaye alikuwa anachukua nusu yake kwa ajili ya maharage.

Kazi ya ndoo nilianza kuifanya nikiwa darasa la tatu hivi. Unakaa kwenye kigoda na sufuria mbili na beseni moja. Mama alikuwa anasema laini sio mbovu, na hilo ndo lilikuwa somo zima. Unaishika nyanya unaibonyeza na dole gumba pembeni ya kikonyo, ikibonyea alafu ikagoma kurudi lakini ngozi iko sawa hiyo inaenda sufuria ya kwanza, italiwa leo leo. Ikiwa na doa jeusi unakata doa na nyama ya pembeni yake, kinachobaki kinaenda sufuria ya pili ya kuchemshwa. Ikiwa na ule ukungu mweupe kama pamba usikate chochote, tupa yote, beseni. Alafu ukishamaliza kuangalia unanusa. Ikinukia pombe, beseni, hata kama kwa macho ni nzuri kama imetoka shambani asubuhi. Alikuwa anarudia kila anaponipita, jicho linadanganyika, pua haidanganyiki. Kuna siku nilipitisha moja yenye harufu kwa uvivu, akaja akainua sufuria mpaka usoni, akatia mkono katikati ya nyanya kama thelathini akaitoa ileile. Sijui alifanyaje mpaka leo.

Zile za sufuria ya pili zilikuwa zinachemshwa bila maji, moto wa mkaa mdogo, chumvi, mpaka zinakuwa rojo zito, hilo tunalila siku mbili tatu. Beseni alikuwa anakuja kulibeba jamaa mmoja mfuga nguruwe, hadi maganda. Kwaiyo ukiniuliza nyumbani kwetu tulitupa chakula kiasi gani, jibu ni hatukutupa, yaani tulikuwa hatuna cha kutupa.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu sa hivi kila ukifungua redio au simu kuna mtu anauliza watu wanavyoongezeka hivi watakula nini. Na ni swali la kweli, sibishi. Sensa ya 1967 Tanganyika na Zanzibar jumla tulikuwa kama milioni 12.3. Sensa ya 2012 tukawa milioni 44.9, ya 2022 tukakutwa 61,741,120, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka, na Dar peke yake tupo zaidi ya milioni 5.3 tumebanana humu tukigombania fungu lilelile la nyanya. Sasa jibu linalotolewa kila mara ni tulime zaidi, mbegu bora, mbolea, umwagiliaji, sawa. Lakini mimi nimekulia juu ya ndoo ya masalo, kwaiyo nikisikia tulime zaidi kichwani kwangu inakuja picha ya tenga.

Hebu tuliongelee tenga.

Ukipanda basi la Iringa kuja Dar, pale Ilula utakuta akina mama wanakimbilia madirisha na ndoo za nyanya, nyekundu, ngumu, unaweza kumrushia mtu ikamuumiza. Nyanya hiyohiyo ukikutana nayo Mabibo kesho yake humtambui. Ni kama kilomita 450 tu, lakini katikati kuna kona za Kitonga, kuna matuta ya Mikumi ambayo lori linayapanda moja moja kwa ajili ya wanyama, kuna joto la Morogoro, kuna foleni ya mizani Vigwaza, na kama gari limeharibika Chalinze ndo basi tena. Na nyanya ikishachumwa haijafa, inaendelea kupumua na kutoa joto, ukizibana nyingi sehemu moja zinapikana zenyewe, zinaivishana, moja ikioza na hewa inayotoka pale inawaharakisha wenzake.

Alafu chombo chenyewe. Tenga la mbao limegongwa na misumari, mbao haijapigwa randa, kona zake zinakwaruza. Na ni kubwa. Nyanya za chini zimebeba uzito wa nyanya zote za juu yake, na juu ya tenga kuna tenga lingine, na juu ya hilo kuna wapiga debe wawili wamelala kwenye turubai. Mama akifungua tenga kuna safu anaziita kwa majina, za juu ni bibi harusi, za kati ni wasindikizaji, za chini ni "wale waliokuja na lori".

Miaka mingi nilikuwa najiuliza hivi kwa nini wasitumie kreti za plastiki, zile ndogo zenye matundu, zinapangana bila kubonyeza cha chini. Kila mtaalamu anazisema. Nikaja kumuuliza dalali mmoja pale sokoni, mzee mtaratibu sana, shikamoo, marahaba, akacheka. Akaniambia mwanangu, kwanza kreti ni mali, lazima irudi Iringa, nani analipia irudi ikiwa tupu? Tenga la mbao likifika limeisha, linakuwa kuni. Pili, na hapa ndo nilishika kichwa, tenga ndio kipimo chenyewe. Mkulima anauza tenga, dalali ananunua tenga, mama genge ananunua tenga, kwenye mnyororo mzima huo hakuna mtu hata mmoja anayenunua kilo. Sasa mnunuzi akienda shamba anataka tenga kubwa na lililojazwa mpaka nyanya zimefanya mlima juu, kwa bei ileile ya tenga. Ni lumbesa, ile ya viazi na vitunguu tunayoijua, sheria ya vipimo inakataza na kila mtu anaiona barabarani kila siku. Akileta kreti ndogo ya kisasa mkulima anafurahi, mnunuzi anaona kapunjwa. Kwaiyo zile nyanya za chini zinazopondeka sio bahati mbaya, zinapondeka kwa sababu mtu alishinda kwenye mabishano ya bei kule shambani. Hasara anaibeba nani? Mama yangu, kwenye ndoo. Kanunua tenga zima, safu ya chini haiuziki, anapandisha bei ya fungu kufidia, na wewe mteja unalalamika nyanya nne elfu moja hii nchi inaenda wapi.

Sijagusa shambani. Tangu 2014 kuna kale kadudu wakulima wamekapa jina la kantangaze, kwamba kakishaingia kwako hakana siri, kanaenda kukutangaza kwa majirani, kanachimba majani na kutoboa tunda, na ukivuna nusu ni za kumwaga. Na kuna ile misimu kila mtu kavuna wiki moja, bei inaanguka mpaka nauli ya lori inazidi thamani ya mzigo, mtu anaziacha zinaiva shambani zinaanguka. Huyo unamwambiaje alime zaidi.

Umoja wa Mataifa kupitia UNEP, shirika lao la mazingira, walitoa ripoti yao 2024, wakasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula kuanzia madukani, mahotelini na majumbani, na asilimia 60 ya hizo ni majumbani. Hapo ni kile kilichofika dukani na kuendelea mbele, masalo na wenzake wa njiani wanahesabiwa kwenye fungu lingine, FAO, shirika lao la chakula, wanasema ni kama asilimia 13 ya chakula chote kinapotea baada ya kuvunwa kabla hakijafika dukani. Mi ripoti hizi nazisoma lakini kuna kitu kinanichekesha, kwenye hesabu ya majumbani wanajumlisha na visivyolika, mifupa, maganda. Sasa nenda nyumba ya Mhaya upime maganda ya ndizi ya siku moja, au upime Tandale vifuu vya nazi. Tutaonekana tunatupa kuliko Ulaya nzima na ndani ya lile jalala hakuna hata tonge.

Kwa sababu ukweli ni kwamba sisi kutupa ugali ni kitu cha juzi juzi. Nyumbani tulikula sinia moja, watu saba, na ukila sinia kuna sheria zake, unakula mbele yako, huvuki mpaka, mchuzi unabaki katikati wa wote, nyama inagawiwa mwisho na mkubwa. Sahani ya mtu mmoja mmoja ndo inayobakiza, kila sahani inabakiza kidogo, sinia halibakizi. Na hakuna aliyeruhusiwa kuinuka amebakiza wali kwenye vidole, bibi yetu wa Bagamoyo alikuwa anasema hujui baraka imekaa kwenye punje gani. Ukoko ulikuwa unapiganiwa. Mimi na kaka yangu tulikuwa na zamu ya ukoko, iliandikwa kwa mkaa ukutani nyuma ya jiko, na bado tulikuwa tunadhulumiana.

Na kiporo. Kiporo kilikuwa na utaalamu wake ambao watu wa siku hizi wanaudharau. Mama akimaliza kupakua maharage usiku, yaliyobaki anayarudisha jikoni yanachemka kweli kweli, sio kupata moto, kuchemka, alafu anafunika na hafunui tena mpaka asubuhi. Ukifunua ukachota kidogo ukafunika basi umeyaua, kesho yamechacha. Wali hakuulaza kwenye sufuria iliyofunikwa katika lile joto, aliutandaza kwenye ungo upoe haraka na saa kumi na mbili asubuhi ushaliwa na chai ya rangi, mchana hauruhusiwi. Hakusoma popote kwamba wali uliokaa kwenye joto unaweza kutengeneza sumu ambayo hata ukiupasha haitoki, ila alijua wali sio wa kuchezea.

Alafu mimi nikapata kazi nikanunua friji. Mshahara wa tatu. Friji la milango miwili, nikawa mtu. Mama alikuja kunitembelea baada ya miezi kama mitatu hivi, akalifungua, akakaa kimya, akatoa kontena la kwanza akanusa, la pili akanusa, kuna pilau la shughuli ya wiki mbili nyuma, kuna nusu parachichi jeusi, kuna mchicha umekuwa maji, kuna kitu sijui kilikuwa nini. Akafunga. Akaniambia "mwanangu hili sio friji, hili kaburi lenye taa." Na ni kweli, kabla sijawa na friji nilikuwa napika cha kutosha leo, baada ya friji nikawa napika cha kutosha leo na cha kuoza alhamisi. Wenzangu wengi wa kupanga mjini ni hivo hivo msijifanye.

Shughuli ndo usiseme. Siku hizi ukichangia harusi ya mjini, ukumbi, bafe, watu wanapanga foleni na kupakua sahani kama wanahama, wali, pilau, ndizi, chipsi, kuku, samaki, tikiti juu yake, alafu anakula robo anainuka kucheza. Wakati kwetu uswahilini shughuli ilikuwa haiishi na chakula kikabaki, akina mama walikuwa wanakuja na mfuko wa rambo umekunjwa kwenye kanga, anafungasha kiaina. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019 nilimsikia shangazi mmoja analalamika kabisa kwamba sasa pilau tutabeba na nini. Siku hizi anakuja na hotipoti, wazi wazi, na mimi namheshimu.

Lakini nisije nikafanya umaskini uonekane mtamu. Hicho ndo kinaniuma kwenye haya mazungumzo ya kupunguza upotevu, tunaongea kama vile chakula kilichookolewa kinaenda kwa mtu yeyote tu. Kinaenda kwa mtu fulani. Mwanza viwanda vinakata minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, linabaki lile fremu, kichwa na mifupa, tunaliita panki, watu wakajifunza kulikaanga na kulila, na hakuna kilichopotea hapo, ripoti itafurahi. Bondo nalo, lile pulizo la tumboni, zamani halikuwa na maana, siku Wachina walipoanza kulitafuta kilo yake ikaizidi minofu kwa mbali, na likishakuwa na bei hiyo huwezi kuliona tena kwenye sufuria ya mtu wa Kirumba. Panki ndo limebaki kwake. Nyanya masalo vilevile, zimezungumzwa sana kwamba zinasagwa zinakuwa ile sosi nyekundu ya mezani kwa muuza chipsi, na aliyezisaga hakuwa na mama wa kumwambia anuse kwanza.

Na kuna sehemu hata pua ya mama ilishindwa.

Mjomba wangu, kaka yake mama, yupo Kibaigwa, Kongwa. Kama hupajui, ndo lilipo lile soko kubwa la mahindi kwenye barabara ya Dodoma, malori mpaka usiku. Kila mwaka baada ya mavuno alikuwa anatutumia gunia. Kuna mwaka gunia lilikuja na mvua lilinyeshewa njiani au lilivunwa bichi, sijui, tukalimwaga kwenye turubai tukakuta punje nyingine zina rangi ya kijani, nyingine nyeusi kwenye kiini. Mama akafanya alichojua. Akachambua kwenye ungo siku nzima, mazuri huku mabaya huku. Mazuri akanusa, hayana harufu, yakaanikwa yakaenda mashine. Mabaya nayo hayakutupwa jamani, nani anatupa mahindi, nusu walipewa kuku na nusu alikuja kuchukua mama mmoja anayepika pombe ya kienyeji.

Hatukuumwa. Ila mwaka 2016 watu walianza kuumwa mikoa ya Dodoma na Manyara, Chemba, Kondoa, Kiteto, macho ya njano, matumbo yamevimba, ini. Waliorekodiwa ni 68, wakafa 20, wakiwemo watoto. Ilikuwa sumukuvu. Kenya walishapigwa vibaya zaidi 2004, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa, na wao pia ni mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa na unyevu. Yule kuvu anatengeneza sumu ambayo haina harufu, haina ladha, ugali hauibadilishi hata uupike saa ngapi. Ukungu unaweza kuuona na sumu isiwe nyingi, na punje inaweza kuwa safi machoni na sumu imo. Sumu nyingi inakaa sehemu za nje za punje na kwenye kiini, kwaiyo ukikoboa sembe unapunguza, ukila dona unaila yote, wakati huo huo dona ndo tunaambiwa lina lishe. Na zile pumba zilizokobolewa, ambazo sasa zimebeba sumu, zinaenda wapi? Kwa kuku na ng'ombe, na ng'ombe anaipitisha kwenye maziwa.

Nilimuelezea mama haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "kwahiyo na wale kuku?" Nikamwambia ndio na wale kuku. Akanyamaza, akasema na yule mama wa pombe alikuwa na watoto watano.

Machi 2021 Kenya wakazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumu hizi, yakakaa malori foleni Namanga, watu wakachukulia ni siasa, wakatukanana mitandaoni, baada ya siku chache wakafungua kwa masharti. Mjomba alikuwa na mzigo wa mtu kwenye foleni ile. Yeye ndo alibadilika kabisa baada ya pale. Zamani adui yake alikuwa mmoja tu, dumuzi, yule mdudu aliyeingia kutokea Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, watu wakampa jina la Skania kwa jinsi anavyobeba, unaacha gunia la mahindi makavu unarudi unakuta unga na maganda. Kwa ajili ya Skania watu walikuwa wanavuna na kukimbilia kuuza wiki ileile kwa bei ya hovyo, alafu Januari wananunua mahindi hayohayo kwa bei mbaya. Sasa mjomba anatumia ile mifuko ya tabaka tatu, mifuko miwili ya nailoni ndani na kiroba nje, unakamua hewa unafunga kila tabaka peke yake, wadudu wanamaliza hewa iliyobaki wanakufa wenyewe bila dawa. Unaweza kuweka hadi msimu ujao. Bei yake ni mara kadhaa ya kiroba cha kawaida, ndo maana jirani zake bado wanamcheka, na panya akitoboa hata kitundu umeumia.

Lakini mfuko hausaidii mahindi mabichi, unafungia unyevu ndani. Kwaiyo kabla ya kufunga mjomba ana chupa. Chupa ya soda ya kioo, kavu, ndani anaweka chumvi kavu kidogo na konzi ya mahindi, anaziba na dole gumba na kutikisa kama dakika, alafu anaiweka chini robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado, rudisha juani. Ikidondoka yote chini, funga. Hana kipima unyevu, ana chupa. Nilipomtembelea mwaka jana alinionyesha kama mtu anayeonyesha gari jipya, alinitikisishia mara tatu.

Viongozi wa Afrika walikutana Malabo Juni 2014 wakaahidi mpaka 2025 upotevu baada ya mavuno utakuwa umepungua nusu. Januari 2025 wakakutana Kampala wakaahidi nusu tena, safari hii mpaka 2035. Mjomba sikumwambia.

Basi mwezi uliopita nikasema na mimi ninunue mahindi ya kusagisha, niache hizi sembe za paketi. Nikaenda sokoni Tandale na chupa yangu kwenye mkoba, na chumvi kwenye kikaratasi, mama nyuma yangu anaona aibu. Muuzaji wa kwanza nikamwomba konzi ya mahindi, akanipa akidhani natafuna, nikatia kwenye chupa nikaanza kutikisa. Watu wakasogea. Mmoja akauliza dada hiyo ni dawa? Nikamwambia napima maji. Tukakaa tumeitazama ile chupa juu ya gunia robo saa nzima, muuzaji anahudumia wengine huku ananitupia jicho. Mama alichota konzi yake akaisogeza puani, akanusa kwa muda mrefu, akanitazama akatikisa kichwa kwamba hana cha kusema.

Chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo mpaka shingoni.

Nikamrudishia yule kaka mahindi yake, nikamwambia hayajakauka, ayaanike. Hakukasirika hata. Alinyanyua mabega, akasema, "Dada, sawa, ila ukiyakataa wewe unadhani yanatupwa?" Na kabla hatujafika mwisho wa kibanda alikuwa ameshaita mtu mwingine, kijana wa mkokoteni ananunulia mama yake mwenye kilabu, wanajaza debe kwa debe, na mama akanishika mkono akasema twende, tununue mayai tu, alafu akasimama.